Hodi ya Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yetu mkubwa, alifariki dunia mwezi wa Februari mwaka huu kusini mwa Alberta, nchini Kanada, kwa saratani iliyomchukua wiki tisa tu baada ya kugunduliwa. Alizikwa kwao saa tano za asubuhi, na kwa kuwa wakati huo huku kwetu ni saa tatu za usiku, sisi wa Frere Town, Mombasa, tulikusanyika sebuleni kwa mdogo wangu, tukaiegemeza simu kwenye birika la chai, tukawatazama wanaume waliovaa makoti mazito wakijaza kaburi kwa zamu, katika upepo uliokuwa ukiyameza maneno ya padri. Waliomsifu walimsifu vyema. Walisema alikuwa binti mwema, mke, mama wa watoto watatu, na mlezi wa wazee kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini ile miezi mitano aliyoishi chini ya paa letu akimwuguza mama yetu, pale makaburini hapakuwa na aliyeiona ila kaka, ambaye alikuja kwetu mwishoni, naye siku hiyo sauti ilimkauka. Kwa hiyo nimeona niiandike mimi.

Alikuwa mtu wa Kainai, mojawapo ya mataifa ya asili ambayo wageni waliyapa jina la Blackfoot. Wao wenyewe hujiita Niitsitapi, maana yake watu halisi. Ndugu zao ni Siksika na Piikani, na wengine wako upande wa pili wa mpaka, katika jimbo la Montana nchini Marekani, kwa kuwa mpaka huo ulipigwa mstari juu ya nchi yao bila wao kuulizwa. Ardhi waliyobakishiwa Kainai ni kubwa kuliko ardhi yoyote ya aina hiyo nchini Kanada, lakini ni sehemu ndogo sana ya ile waliyokuwa wakiizunguka wakiwinda nyati kabla ya Mkataba wa Saba kati yao na Ufalme wa Uingereza, uliotiwa saini kando ya mto Bow mwaka 1877.

Kaka alikutana naye Lethbridge, mji wa kusini mwa Alberta alikokwenda kusoma. Habari ya ndoa ilipotufikia, mama hakuuliza habari ya dini wala ya rangi. Aliuliza, "Watu wake ni akina nani?" Anayetufahamu sisi tulioitwa Wamisheni ataelewa uzito wa swali hilo. Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamishenari wa Kianglikana ili kuwapokea watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na ile kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake ilikuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba hatari inakuja. Bibi aliyemzaa bibi yangu alishushwa pwani akiwa mtoto aliyetoka pande za Nyasa, akabatizwa, akapewa jina jipya. Jina alilopewa na mama yake mzazi hakuna anayelijua leo. Mama alilelewa katika nyumba ambayo pengo hilo halikuwa likitajwa ila lilikuwa likionekana, na kaka alipomweleza habari za watu wa mkewe, alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mlete."

Alikuja mara ya kwanza Desemba 2003, akiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Joto lilimsumbua, lakini Kiswahili hakikumsumbua kama nilivyotarajia. Jioni moja tulipokuwa tumekaa barazani, alinieleza kwamba katika lugha yao pia neno moja huweza kubeba sentensi nzima, kama vile "nakupenda" inavyombeba mpendaji na mpendwa pamoja. Kwao ni "kitsikakomimmo". Alilitamka polepole, nikalirudia, akanisahihisha, nikalirudia tena. Mama alikuwa jikoni akikuna nazi. Alitokeza kichwa mlangoni, akalisema neno lile sawasawa mara ya kwanza, akarudi kwenye mbuzi yake. Tangu siku hiyo wifi yangu hakumwita mavyaa wake kwa jina jingine isipokuwa Mama, na kila asubuhi walisalimiana kwa salamu mbili: mmoja husema "shikamoo", na mwingine, baada ya kuitikia marahaba, husema "oki", ambayo ndiyo salamu ya Niitsitapi.

Katika safari hiyo ndipo aliponieleza, nilipokuwa nikimsuka, jambo ambalo sikuliona umuhimu wake hadi miaka kumi na moja baadaye. Mama yake mzazi alichukuliwa akiwa na umri wa miaka sita, akapelekwa shule ya bweni iliyoendeshwa na kanisa kwa niaba ya serikali. Watoto zaidi ya 150,000 wa mataifa ya asili ya Kanada walipitishwa katika shule kama hizo kwa zaidi ya karne moja, na serikali haikuomba radhi bungeni hadi Juni 2008. Mtoto alinyolewa nywele siku ya kwanza, aliadhibiwa akisikika akisema lugha yake, na katika shule nyingi aliitwa kwa nambari. Mama wa wifi yangu alirudi nyumbani akiwa mwanamke ambaye hakuweza kustahimili kuguswa kichwani, hata na watoto wake mwenyewe. "Sisi tulijifunza tangu wadogo kumwambia kwanza," alisema. "Mama, naja. Mama, nataka kukushika mkono. Tulingoja akubali, ndipo tumguse."

Mwezi wa Mei 2014 mama alipatwa na kiharusi kilichoua upande wake wa kulia na kumwondolea maneno. Alilazwa wiki tatu katika hospitali moja ambayo wauguzi wake wachache walikuwa wakikimbia kutoka kitanda hadi kitanda, na aliporudi nyumbani alikuwa na kidonda juu ya matako, mahali mfupa unapogusa godoro, chenye upana wa kifuniko cha chupa. Mimi na mdogo wangu tulikitazama tukalia. Hatukujua la kufanya isipokuwa kukipaka dawa na kumwombea. Kaka alipopata habari alimweleza mkewe, na wifi yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee huko kwao, aliomba likizo bila mshahara, akamwachia dada yake watoto, akapanda ndege. Aliwasili Kengeleni akiwa na sanduku moja la nguo na jingine la glavu na mipira ya mkojo.

Nataka kueleza alivyofanya kazi, kwa sababu watu husema "alikuwa na huruma" wakadhani wamemaliza. Huruma tulikuwa nayo sote. Yeye alikuwa na huruma pamoja na elimu ya mikono. Siku ya kwanza alichukua daftari la shule la kurasa 96, akapiga mistari kwa rula, akaandika saa za mchana na usiku, na kila baada ya saa mbili mama aligeuzwa: ubavu wa kushoto, kisha ubavu wa kulia, kila mmoja wetu akitia saini. Alitufundisha kutandika leso chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, mmoja akikunja ncha za upande huu na mwingine za upande ule, tukamwinua kwa pamoja badala ya kumburuta, kwa maana ngozi ya mgonjwa inayoburutwa juu ya shuka ndiyo inayochanika. Mto mwembamba uliwekwa kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa kitu. Alitufundisha kubonyeza kwa kidole pale palipoonekana pekundu: wekundu ukipotea kisha ukarudi, hakuna neno, ukibaki vile vile, kidonda kimeanza ndani na sehemu hiyo isilaliwe tena. Uji aliuzidisha uzito ili usimpalie, akampa kijiko kimoja kimoja akiwa ameketi wima na kidevu ameinamisha, na baada ya kula hakuruhusu alazwe mpaka nusu saa ipite. Katika wiki ya kumi kidonda kilikuwa kimefunga.

Lakini jambo la kwanza kabisa, kabla ya leso na kabla ya daftari, lilikuwa hodi. Alipofika mlangoni mwa chumba cha mama alisimama akabisha, ingawa mlango ulikuwa wazi na mama hakuweza kuitikia. Alisema, "Hodi, Mama." Akangoja. Mama alifumba macho mara moja, na hiyo ndiyo ilikuwa "karibu" yake. Halafu akakaribia kitandani, akasema, "Mama, nataka kukuosha uso," akangoja tena. "Mama, sasa nataka kukugeuza," akangoja. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilikuwa nikiingia na beseni kama anayeingia jikoni, nikafunua shuka huku nazungumza na mtu mwingine kuhusu bei ya mkaa. Nilipomwona akifanya vile nilikumbuka yale ya siku ya kusukwa, nikatoka nikaenda kusimama uani. Ilinichukua muda kurudi.

Si kila mtu aliridhika. Shangazi yetu mmoja alikuja kutoka Rabai akasema, kwa sauti ya kusikika hadi chumbani, kwamba si heshima mkaza mwana kumwosha mavyaa wake hali mabinti wako hai, tena mkaza mwana mwenyewe mgeni. Nakiri kwamba sehemu ya moyo wangu ilikubaliana naye, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuona wivu. Wifi yangu hakujibu neno. Aliweka kitambaa chini, akaondoka kitandani, akatupisha. Nilikichukua mimi. Mama akaurudisha mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, kisha akaunyoosha kuelekea mlangoni alikosimama mkwewe, akaushikilia vile vile hewani, ukitetemeka, mpaka alipokuja. Shangazi aliona kwa macho yake. Baadaye yeye ndiye aliyekuwa akimletea wifi yangu mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe kila Jumamosi, na wakakaa pamoja wakimkanda mama miguu, mmoja huku, mmoja huku.

Mama alituaga mwezi wa Oktoba, alfajiri, siku tatu baada ya kaka kufika, na tukamtoa kwa ibada katika Kanisa la Emmanuel. Wifi yangu alishiriki kumwosha. Kabla ya kumgusa alibisha hodi, na wale kina mama wa kanisa waliokuwa chumbani wakanyamaza wakangoja pamoja naye.

Ile leso tuliyokuwa tukimgeuzia mama ilikuwa ya doti moja, nyekundu yenye maua meusi, na jina lake lilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mama ndiye aliyeinunua, mwaka ule wa 2003, ampe mkwewe zawadi, na mkwewe ndiye aliyerudi nayo kwa ajili ya kazi ile. Alipokuwa akifunga sanduku tuliikata pale katikati ambapo vipande viwili huwa vimeungana, akachukua kimoja, akaniachia kimoja.

Aliporudi kwao hakupumzika. Mwaka 2015 viongozi wa Kainai walitangaza hali ya dharura kwa sababu ya fentanili, dawa ya kulevya iliyokuwa ikiua vijana wao, na nyumba yake ikajaa watoto wa jamaa, wengine wiki, wengine miaka. Nilipomwuliza kwa simu kama hachoki, alinitajia neno la kwao, "kimmapiiyipitssini", akajaribu kunitafsiria kwa Kiswahili chake: kupeana wema, kuoneana huruma. Nikamwambia kwamba wazee wetu wa pwani jambo hilo huliita imani, kama wanaposema fulani ana imani, yaani hawezi kumwona mtu akiteseka akapita. Akalipenda. Tangu hapo akiandika ujumbe alimaliza kwa kuuliza, "Mna imani huko?" nami nikamjibu kwamba tunajitahidi.

Kaka ameniambia kwamba katika zile wiki tisa alimwuguza mkewe nyumbani, na kwamba alichora mistari kwenye daftari akaandika saa. Usiku mmoja alichoka akamgeuza bila kusema kitu. Wifi yangu hakufumbua macho, alisema tu, kwa Kiswahili, "Hodi?" Kaka akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza upya.

Wiki iliyopita binti yao mkubwa, yule aliyekuja kwetu mgongoni mwa mama yake, alinipigia simu. Kipande chao cha leso walimfunika nacho mama yao ndani ya jeneza, chini ya blanketi la kwao, na sasa anataka kuona maandishi yake, kwa sababu wadogo zake wamebishana namna yanavyoandikwa. Nilikitoa kabatini, nikakitandaza kitandani penye mwanga wa dirisha, nikakipiga picha chote, kisha maandishi peke yake, kisha ile pembe yenye doa la mafuta ya nazi ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Akaniuliza, "Shangazi, hili nini?" Nikamwambia avute kiti akae, nimsimulie.