Herufi ya kwanza

Juzi mwanangu alifuta picha kwenye simu yangu kwa bahati mbaya, akaniuliza, "Baba, ikifutwa inaenda wapi?" Tuliikuta kwenye pipa la taka la simu, naye akarudi zake kucheza. Mimi nikabaki nimekaa na simu mkononi. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, usiku, mbele ya skrini nyeusi.

Ilikuwa kompyuta ya MS-DOS 5, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa kuandika amri, toleo lililotoka 1991. Babu alikuwa ameshafariki. Mafaili sita, BABU1.TXT hadi BABU6.TXT, ndiyo yaliyohifadhi maisha yake kama alivyonisimulia, jioni baada ya jioni, yeye akisema nami nikipiga chapa. Nilikusudia kuondoa takataka za .TMP, yaani mafaili ya muda, vidole vikaandika DEL *.TXT: futa kila faili la .TXT. Ukiamuru *.*, yaani mafaili yote, DOS inakuuliza kwanza kama una hakika. Kwa *.TXT haiulizi. Nikaandika barua fupi, nikaihifadhi, ndipo nikapiga DIR nione orodha ya mafaili.

Hayapo.

Rafiki niliyempigia simu alianza na onyo: usihifadhi kitu chochote tena kwenye diski hiyo. Kisha akanieleza kwamba DOS haigusi maandishi yenyewe. Inaondoa herufi ya kwanza ya jina la faili, inaweka alama mahali pake, na kuhesabu nafasi ile kuwa iko wazi. Maneno yamo palepale mpaka mengine yaandikwe juu yake.

Nikaandika UNDELETE *.TXT, amri ya kurudisha yaliyofutwa.

Ikatokea ?ABU1.TXT, pamoja na ukubwa wake, tarehe na saa niliyolihifadhi mara ya mwisho. Saa ile niliikumbuka: babu alikuwa amechoka, akasema tutaendelea kesho. Kompyuta ikauliza kama nataka kulirudisha. Nikabonyeza Y. Ikaniomba herufi ya kwanza ya jina.

Nilisita, mkono ukiwa juu ya kibodi. Mashine ilikuwa imehifadhi kila kitu mpaka dakika, ila herufi moja, na hiyo nilikuwa nayo mimi. Herufi yoyote ingekubaliwa, najua. Lakini niliitafuta B kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi usiku wa manane. Faili likarudi. La pili, B. La tatu, B. Kufika la tano nilikuwa nalia.

La sita likakataa. Mahali lilipoanzia palikuwa pameshachukuliwa na barua yangu.

Nakumbuka sentensi yake ya kwanza tu: "Mama yangu hakuwa mtu wa maneno mengi." Nimejaribu mara kadhaa kuandika yaliyofuata, na kila mara sauti inayotoka ni yangu, si ya babu. Ile barua, hata sikumbuki nilikuwa namwandikia nani.

Usiku nilimjibu mwanangu: haiendi popote, inabaki palepale mpaka kitu kingine kiwekwe juu yake.

"Nani anakiweka?"

Bado sijamjibu.