Fomu SF-86 na fedha tunazotuma nyumbani

Jamaa zetu walio raia wa Marekani, wanapopata kazi kwa mkandarasi wa serikali na kutakiwa kujaza fomu SF-86 ili wapewe kibali cha kuona nyaraka za siri, huniuliza kama ni lazima waandike deni la hospitali au kazi waliyofukuzwa. Hofu yao huelekea kwenye jambo lenyewe, ilhali kinachowaponza waombaji wengi ni kulificha.

Miongozo 13 ya serikali ya Marekani ya kuamua nani apewe kibali, inayotumika tangu Juni 2017, hupima kila doa mahali pake. Deni lililotokana na ugonjwa, ambalo mtu analilipa kwa utaratibu, huweza kusameheka chini ya Mwongozo F, unaohusu mambo ya fedha. Akilikana kwa makusudi, shauri linaingia Mwongozo E, unaohusu mwenendo binafsi, na hapo hoja si kiasi anachodaiwa bali kama neno lake linaaminika. Isitoshe, uongo huo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka gerezani hadi miaka 5.

Kwa watu wa kwetu, mtego mkubwa zaidi ni swali linalotaka kujua kama mwombaji amewahi kumpa raia wa nchi nyingine msaada wa fedha. Swali hilo halina kikomo cha miaka. Mtu anayemtumia mama yake Tanga fedha za matumizi kila mwisho wa mwezi hujibu hapana bila kusita, kwa kuwa kwake huo ni wajibu wa mtoto. Kutoelewa swali au kusahau si udanganyifu, na waamuzi wa maombi ya kibali hutazama nia. Lakini aliyekumbuka anwani zake zote za miaka 10 na kusahau yale tu yanayomchafua atapata shida kuaminika, na mimi siwalaumu waamuzi kwa hilo.

Anayejisahihisha hupewa uzito iwapo amefanya hivyo mapema, kabla ya mpelelezi kumwekea ushahidi mezani. Akisema baada ya hapo, maneno yale yale hayamfai sana. Shaka ikibaki huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1988 kwamba hakuna mwenye haki ya kudai kibali hicho. Kwa hiyo aliyekwisha kutuma fomu, kisha akakumbuka fedha za Tanga, amwandikie afisa usalama wa mwajiri wake sasa, asingoje siku ya mahojiano.