Jioni ya "End of"

Julai 2016 nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Sheffield. Kura ya maoni ya tarehe 23 Juni ilikuwa imekwisha: waliotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya walipata karibu asilimia 52, na pale Sheffield walishinda kwa kura chache tu. Theresa May, aliyepata uwaziri mkuu mwezi huo huo, alishaanza kusema "Brexit means Brexit", yaani kujitoa ni kujitoa. Sentensi ile haikuacha pa kuuliza swali, na nadhani ndiyo maana wengi waliipenda.

Jioni moja tulikuwa tukiwagawia wazee chai. Muuguzi wetu, mama aliyetoka Polandi, akamwuliza mpishi itakuwaje kwa watu kama yeye, wenye watoto wanaosoma hapo hapo. Mpishi akajibu bila kugeuka: "We voted. End of." Tulipiga kura, basi.

Kauli yenyewe ni "end of story", mwisho wa hadithi. Wengi huko huikata, wakaacha "of" ikining'inia, sauti imeshuka chini kabisa. Mtu akikutamkia hivyo, hata ile hadithi hakuachii.

Muuguzi alikuwa akipanga vidonge vya usiku. Akasema taratibu, "Let's agree to disagree, then," yaani basi tukubaliane kutokubaliana. Ukiyasikia maneno hayo utadhani ni suluhu. Mimi nilimwona usoni. Alikuwa anajitoa kwenye ubishi ambao hakupewa nafasi ya kuubisha.

Mzee mmoja, mhubiri wa Kimethodisti zamani zake, akaweka kikombe chini. Akatueleza kuwa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliyatumia maneno yale ya muuguzi mwaka 1770, akihubiri katika ibada ya kumwomboleza mhubiri mwenzake, George Whitefield. Wawili hao walikuwa marafiki, na kwa miaka mingi walibishana kama Mungu alikwisha kuwachagua tangu mwanzo watakaookoka. "Wale walikuwa wamesikilizana kwanza," akamwambia mpishi. "Ninyi hata dakika moja haijafika."

Mpishi akasema, "Right. Anyway," kama mtu anayesema haya, tuyaache, akabeba trei akarudi jikoni.

Mzee akamgeukia yule mama, akamwomba alirudie swali lake. Akalirudia, safari hii kwa kirefu: karatasi za ukaazi, shule, mume aliyekuwa akitaka warudi kwao. Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu. Lakini yalikuwa maisha yake yanayoamuliwa, na mpishi alipaswa kubaki akayasikia.