Hongera niliyoijutia

Usiku huu nimekaa na hedifoni nasikiliza rikodi ya kikao changu mwenyewe cha ushauri nasaha, kazi ambayo siipendi kabisa maana hakuna sauti inayokera kama yako ukijisikia unashauri watu. Supavaiza alisema nisikilize dakika ishirini tu na nihesabu mara ngapi nimemtambua mteja, yaani kumwambia uwezo au juhudi niliyoiona kwake. Nimehesabu hongera sita. Sita! Halafu "vizuri sana" sijui ngapi, nilichoka kuhesabu.

Mteja alikuwa na siku tisa bila kunywa. Aliponiambia nikaruka kabisa, hongera sana, nimefurahi mno, unaona sasa, inawezekana! Kwenye rikodi baada ya hapo kuna ukimya, kisha yeye anasema "asante" kwa sauti ndogo na tukahamia mambo mengine. Wakati ule nilidhani kikao kimeenda vizuri. Wiki iliyofuata hakuja. Ile nyingine akaja, akasema kila kitu poa, na ni mpaka tulipokuwa tunaagana, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo akasema kwamba siku ya kumi alikunywa. "Niliogopa kukuangusha." Mimi! Yaani yeye anapigana na pombe yake, na juu ya hiyo nimemwongezea mzigo wa furaha yangu.

Sasa kwa wasiojua, haya mahojiano ya motisha (jina baya, mimi nikisikia mahojiano nawaza polisi na daftari) ni njia ya ushauri ya kumsaidia mtu aseme mwenyewe kwa nini anataka kubadilika, na yana zana nne za msingi: maswali ya wazi, kauli za kutambua, kumrudishia mtu ulichosikia kwake, na muhtasari. Mafunzoni hiyo ya pili ndiyo niliyoipita kama mtu anayeruka kidimbwi, nikijua nishaiweza, kusifia watu nani hajui? Kurudisha ulichosikia ndiko kulikonitoa jasho, nikatumia miezi kujifunza, kumbe shimo liko huku nilikokuona tambarare.

Huyu William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha haya mambo, hakuanza na nadharia. Mwaka 1982 alikuwa Norway, anaigiza vikao na wanasaikolojia vijana wa kule, na wao wakawa wanamkatisha kila saa, hapo umesema hivi, kwa nini umesema hivi na sio vile? Ikabidi aseme kwa maneno kitu alichokuwa anakifanya bila kufikiria, makala yake ikatoka 1983, na kitabu alichoandika na Stephen Rollnick kikafuata 1991. Huwa nawakumbuka wale vijana supavaiza wangu akibonyeza pause. "Hapa ulikuwa unamwambia nini?" Nikasema nilikuwa namtia moyo. "Kwa lipi?" Nikabaki natazama meza.

Kwa lipi. Kwa siku tisa, nikasema. Akaniambia siku tisa ni namba, yeye alifanya nini ndani ya hizo siku tisa? Sikuwa na jibu kwa sababu sikuuliza. Ile fomu anayotumia kupima vikao haihesabu kabisa "hongera" na "vizuri sana" zinazorushwa hewani, inataka kitu mahususi cha mtu huyo, uwezo wake au juhudi yake au nia yake. Kwa hiyo hongera zangu zote zilipata sifuri, na niseme ukweli nilinuna kidogo.

Nilinuna zaidi nilipogundua Thomas Gordon, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, kwenye orodha yake ya mambo 12 yanayoziba kusikiliza, kaweka kusifu humohumo pamoja na kuamuru na kutishia. Lakini ukiwaza unaona. Anayesifu amekaa juu, ana kalamu nyekundu, leo kakupa vema na kesho anaweza kukupa kosa, na mteja analijua hilo kabla yako. Wahenga walishaona, mtu akikuvika kilemba cha ukoka unajua tu kitanyauka.

Ushauri wanaotupa ni kwamba kauli ianze na mteja, isianze na mimi. Kwa Kiswahili unaona ni rahisi, toa ni- weka u-, si ndiyo? Nikaanza hivyo. Badala ya "nimefurahi" nikawa nasema "umenifurahisha". Supavaiza akacheka mpaka akavua miwani, akasema angalia tumboni mwa hilo neno. U-me-NI-furahisha. Niko humo humo, nimejificha katikati! Tangu siku hiyo nakagua vitenzi vyangu kama mama anayekagua mchele.

Turudi kwa yule mteja. Nikisikiliza tena rikodi nasikia kabisa, dakika kama tatu kabla ya hongera ya kwanza, anataja kwamba Jumamosi jamaa zake wote walikuwa wamekaa wanakunywa na yeye akasingizia simu, akatoka nje, akaondoka. Alilisema harakaharaka na mimi nikalipita. Hapo ndipo palikuwa na kitu! "Uliona hatari inakuja ukajitafutia mlango wa kutokea." Basi, unanyamaza. Hiyo haimdai chochote, hata siku ya kumi akinywa bado itabaki kweli kwamba Jumamosi ile alijua kutoka.

Na pale mlangoni alipokiri, bahati nzuri nilikuwa nimeshaanza kuwa na adabu kidogo. Sikusema pole, sikusema usijali. Nikamwambia ungeweza kuondoka na hili bila mtu kujua, umechagua kulisema. Akaachia kitasa. Hakukaa, alisimama vilevile, akasema amechoka kudanganya, anadanganya nyumbani na anadanganya kazini, na angalau hapa hataki. Hayo ni maneno yake ya kutaka kubadilika, yametoka mwenyewe, sikumvuta. Kuna utafiti wa 2016 uliofuatilia vikao kauli kwa kauli, na kutambua ndiko kulikoonekana kuongeza maneno ya aina hiyo na pia kupunguza yale ya kutetea hali ilivyo. Nilipousoma mara ya kwanza niliuchukua kama ruhusa ya kusifia zaidi, unaweza kucheka.

Si kwamba nishafuzu. Juzi kuna dada, ameletwa na mwajiri wake, hakutaka kuja na hakuficha. Nikajaribu kauli yangu nzuri niliyoitengeneza, kwamba yeye ni mtu mwenye msimamo sana. Akaniangalia. "Hiyo mmefundishwa?" Nikasema ndiyo, tumefundishwa. Akacheka, mimi nikacheka, na nadhani dakika mbili za kicheko zilitusaidia kuliko ile kauli. Tatizo si kwamba ilikuwa uongo, msimamo anao kweli, ila nilikuwa nimemjua kwa robo saa tu, nilikuwa nimeiokota tabia hiyo kwenye ubishi wake na kumrudishia ikiwa imefungwa utepe.

Kesho anakuja tena. Nimechukua karatasi nikaandika mambo matatu niliyoyasikia kwake, sio niliyoyafikiria, niliyoyasikia. Mawili nimeyakata, moja lilikuwa huruma yangu na lingine lilikuwa sifa tupu. Limebaki moja, kwamba asubuhi ya kikao alimpigia mdogo wake amsaidie mtoto ili awahi, kikao ambacho hata hakutaka kuja. Kama halitapata nafasi yake nitaondoka nalo mfukoni.

Saa sita hii. Rikodi imebaki dakika nne na nimesikia "hongera" ya saba.