Tundu la Faili na Rovu la Hajati

Hajati alifika dirishani kwangu mapema, kabla sijawasha kompyuta. Alikuwa ametoka Bombo na taksi ya kwanza, barua ya bima imo ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. "Musawo," yaani daktari, akaniita, ingawa mimi ni mtu wa rekodi tu na sijawahi kumchoma mtu sindano, "hebu soma hapa. Mbona mlinificha?"

Kampuni ya bima ilikuwa inataka ripoti za matibabu yake ya saratani ya tezi ya thairoidi, namba C73 kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, kabla ya kumwongezea mwaka mwingine kwenye bima ya kazini kwa mwanawe. Hajati hakuwahi kuambiwa ana saratani. Alikuwa na kivimbe shingoni, akapigwa altrasaundi, kikachomwa sindano nyembamba ya kuvuta chembe, akaambiwa arudi baada ya mwaka. Tangu barua ifike zilikuwa zimepita wiki tatu, na katika wiki hizo alishaanza kuwagawia mabinti zake mashuka aliyoyadarizi kwa mkono wake.

Nililitoa faili. Madaktari wetu wakishuku ugonjwa huanza na alama ya kuuliza, kisha jina la ugonjwa, na alama hiyo huiweka pembezoni kabisa, kushoto. Kushoto huko ndiko mashine ya kutoboa karatasi hupita. Niliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha: tundu lilikuwa limeimeza alama ya kuuliza, umebaki mkia wake mdogo wa wino ukingoni. Karatasi ile niliitoboa mimi, na C73 niliiweka mimi.

Ningelilaumu tundu, lakini majibu ya patholojia yalikuwamo kwenye faili lilelile, kurasa tatu mbele: Bethesda daraja la pili, yaani chembe hazina dalili ya saratani. Sikufunua. Siku ile mezani palikuwa na mafaili ya wiki nzima, na mtu wa madai ya bima alikuwa amesimama mlangoni anagonga kalamu.

Hajati nilimweleza hapohapo, nikamwonyesha tundu. Aliingiza ncha ya kidole chake cha mwisho, akatikisa kichwa, hakusema neno. Nikampeleka kwa daktari. Kusahihisha rekodi ya mgonjwa si kufuta: daktari alipiga mstari mmoja juu ya neno, la zamani likabaki linasomeka, akaandika sahihisho pembeni na kutia tarehe na saini. Mimi nikaweka E04.1, namba ya kivimbe kimoja kisicho saratani, nikaambatanisha nakala ya patholojia na barua ya kukiri kosa. Bima walikubali. Mashuka sikuuliza kama yalirudi.

Baada ya hapo niliyapitia mafaili yote ya shingo ya mwaka ule, jioni baada ya jioni. Karibu yote yalikuwa E04.9, rovu lisilofafanuliwa. (Kazini namba hizi huitwa "kodi", lakini ukisema hivyo mbele ya watu wa nje wanadhani unazungumzia URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa hiyo mimi nasema namba.) Uvivu wangu ulikuwamo, sikatai, ila ukifungua faili unakuta daktari ameandika neno moja tu, "goita", basi. Namba haiwezi kujua zaidi ya ilichoambiwa. Kivimbe kimoja kisichomwaga homoni ni E04.1, vingi ni E04.2, tezi iliyovimba yote bila vinundu ni E04.0. Homoni ikizidi, unahama kabisa: E05.1 kwa kimoja, E05.2 kwa vingi. Na kuzidi huko lazima akuandike daktari. Mimi nikiona TSH, kipimo ambacho hushuka homoni ya tezi ikizidi, iko chini kwenye karatasi ya maabara siruhusiwi kujifanya nimegundua ugonjwa.

Nilikuwa na makosa mengine mawili niliyoyapenda. La kwanza, nikisoma "si saratani" naweka D34. Kumbe D34 ni ya uvimbe wa aina ya adenoma, yaani uote usio saratani, na vivimbe vingi vinavyorudi na jibu hilo ni vya koloidi, yaani vilivyojaa ute wa tezi yenyewe, ambavyo makao yake ni E04. Tena adenoma ya folikuli haithibitishwi kwa sindano, kwa sababu mtu wa patholojia anatakiwa kuona kama chembe zimepenya ganda la uvimbe, na ganda halionekani mpaka uvimbe utolewe. La pili, mgonjwa akitoka milimani, Kisoro kwa mfano, mimi mbio naweka E01, rovu la upungufu wa madini joto. Nilikuwa namtibu kwa anwani yake! Siku hizi chumvi yetu hutiwa madini hayo kwa sheria, na E01 siiweki mpaka daktari aandike upungufu huo kwa mkono wake.

Kuwaambia madaktari "andikeni vizuri" nilijaribu wiki mbili. Waliitikia vizuri sana, wakaendelea vilevile. Ndipo nikashuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, nikachonga muhuri. Una mistari mitano, kwa Kiingereza kama mafaili yetu yote: kimoja au vingi, upande na ukubwa kwa milimita, homoni, sindano na jibu lake, hitimisho la daktari kwa maneno kamili. Upande hauna kazi kwenye namba ya thairoidi, lakini mpasuaji aliniambia nikiuondoa atanipasua mimi.

Daktari wetu mkubwa aliukataa. "Muhuri ni wa posta," alisema. Sikubishana, nikamletea maombi ya sindano yaliyorudishwa na bima. Yote hayakuwa na ukubwa wa kivimbe. Mfumo wa TI-RADS wa Wamarekani, uliotoka 2017, hupanga vivimbe vya thairoidi kwa madaraja ya kushukiwa saratani kutokana na altrasaundi, nao unapendekeza sindano kwa daraja la tano kivimbe kikifika sentimita 1, la nne sentimita 1.5, la tatu sentimita 2.5. Ombi likitaja daraja bila kipimo, mlipaji hana pa kushika. Aliyasoma yote kimya, akavuta kidau cha wino, akapiga muhuri faili la kwanza yeye mwenyewe, kichwa chini miguu juu.

Alama ya kuuliza nimeipiga marufuku, kadiri karani anavyoweza kumpiga daktari marufuku. Wanaandika "anashukiwa", neno zima, mbali na ukingo. Vijana wapya bado husahau, nami nawarudishia faili.

Mwaka ulipotimia Hajati alirudi kupigwa altrasaundi. Milimita 28, kama mara ya kwanza. Kabla sijatia ripoti kwenye faili akanishika mkono uliokuwa na mashine ya kutoboa.

"Soma kwanza, mwanangu."

Nikamsomea mpaka E04.1.

"Na hiyo moja ya mwisho?"

"Kimoja, Hajati. Ni kilekile kimoja."

Akaachia mkono, nikatoboa.