Mchemraba usio na kuta

Mwaka 1930 Naum Gabo, mchongaji mzaliwa wa Urusi, alitengeneza michemraba miwili. Mmoja umezibwa pande zote. Wa pili una sakafu na dari tu; kuta nne zimeondolewa, na ndani yamesimama mabapa mawili yanayokatana katikati, kila moja kutoka pembe hadi pembe. Miaka 10 kabla, jijini Moscow, yeye na kaka yake Antoine Pevsner walikuwa wametoa ilani ya kukataa uzito wa jiwe au mbao kuwa ndio msingi wa sanamu. Mchemraba wa pili ni hoja hiyo hiyo, safari hii kwa macho.

Njia bora ya kuuelewa ni kuujenga. Chukua kadi ngumu yenye unene wa milimita 2. Kata miraba miwili ya sentimita 10 kwa 10, iwe sakafu na dari, kisha mistatili miwili, iwe mabapa, yenye kimo cha sentimita 9.6; unene wa sakafu na dari hutimiza 10. Upana wa mistatili ndipo wengi hukosea. Ulalo wa mraba huo, yaani mstari kutoka pembe hadi pembe, ni sentimita 14.1, lakini kadi ina unene, kwa hiyo ukikata 14.1 ncha zake zitachomoza nje ya pembe. Kata 13.9. Katikati ya kila mstatili chonga mfereji wa milimita 2, kina sentimita 4.8, mmoja ukianzia juu na mwingine chini, kisha uchomeke moja ndani ya jingine. Mfereji ukiwa mpana mno, mabapa hulegea na dari hupinda. Ukibana sana, kadi huvimba kwenye maungio. Kabla ya kutia gundi, hakikisha kwa kona ya kitabu kwamba mabapa yanakatana kwa pembe ya nyuzi 90.

Sasa weka taa upande mmoja, uuzungushe polepole. Ukiutazama uso kwa uso, unaingia chumba cha pembetatu kinachosonga hadi kwenye mhimili, pale mabapa yanapokatana. Ukiugeuza pembe ikuelekee, bapa moja linabaki mstari mwembamba na jingine linatanda lote. Vyumba ni vinne, na kila kimoja kina kivuli chake. Hewa iliyomo humo ndiyo sanamu yenyewe. Kadi inaipa mipaka tu.

Ukiwa na jicho hilo, zitazame kazi zake za miaka ya 1940, za plastiki angavu na nyuzi za nailoni. Fuata uzi mmoja tu: umenyooka kabisa. Ni wingi wa nyuzi, kila mmoja ukielekea upande tofauti kidogo na jirani yake, unaochora mkunjo unaouona.