Wimbo Ukiisha, Unakuacha Wapi?

Kwa miezi minne baada ya kumzika baba nililala na hedifoni masikioni. Nilikuwa na nyimbo 11, zote za majonzi, nikizisikiliza kwa mpangilio uleule kila usiku.

Nisizisingizie: mwanzoni zilinisaidia. Msibani sikutoa chozi hata moja, maana kila aliyenishika mkono aliniambia nijikaze, nikajikaza. Nilipobaki peke yangu chumbani nikaweka wimbo mmoja, machozi yakaja yenyewe, na usiku ule nililala fofofo. Kwa hiyo anayesema muziki wa huzuni haufai simuungi mkono. Mimi ulinifungua.

Tatizo lilianza machozi yalipokauka na nyimbo zikabaki. Nilikuwa sisikilizi tena, nawaza tu. Kibwagizo kikianza, nami naanza: ile simu yake niliyoikata kwa sababu nilikuwa na kazi, na kwamba sikumpigia tena. Kila usiku kesi ileile, hukumu ileile. Programu ya muziki nayo ilishajua ninachopenda, ikawa inaniletea nyingine za aina hiyo bila kuombwa. Usingizi ukawa unakuja saa tisa usiku, chakula sikitamani, na watu nikaanza kuwakwepa.

Nilipoenda kwa mshauri nasaha, yule mama alinisikiliza weee, kisha akaniuliza: "Wimbo ukiisha, unakuacha wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nichukue daftari, na kabla ya kila wimbo niandike namba kati ya 1 na 10 ya jinsi ninavyojisikia, na ukiisha niandike tena.

Nilifanya hivyo siku 10. Nyimbo tisa kati ya zile 11 zilikuwa zinanishusha. Mbili zilinipandisha, ingawa nazo ni za kilio. Mojawapo ni wimbo ambao baba alipenda kuuimba huku akikosea maneno ya ubeti wa pili, sikuzote palepale. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nyimbo za kuchangamsha, nilizojilazimisha kuzisikiliza kama dawa, zilinishusha kuliko zote. Zilikuwa kama mgeni anayecheka kwenye matanga.

Mshauri hakushangaa. Alinieleza kwamba miaka ya 1940 daktari mmoja wa magonjwa ya akili huko Marekani, Ira Altshuler, alikuwa anaanza na muziki unaolingana na hali ya mgonjwa, kisha anaubadilisha taratibu kuelekea hali anayotaka kumfikisha. Wataalamu wa tiba ya muziki bado wanaitumia njia hiyo na wanaiita kanuni ya "iso", neno la Kigiriki lenye maana ya "sawa". Nikapanga nyimbo sita: wa kwanza mzito na wa polepole kama nilivyokuwa, wa pili mwepesi kidogo, hadi wa sita wenye mapigo ya kutembea. Jumla dakika 25 hivi. Nilikuwa nausikiliza mpango huo jioni, na huo wa sita nausikiliza nikiwa natembea kweli, nje. Namba za daftarini zikaanza kupanda, si kila siku, lakini zilipanda.

Usiku ndio ulionisumbua zaidi. Nilidhani maneno ndiyo yanayoniwasha, nikatafuta nyimbo zilezile zilizopigwa kwa ala tupu. Zikawa mbaya zaidi, kwa sababu kichwa kilijijazia maneno chenyewe na kuyarudia hata nikiwa nimezima. Baadaye nikakutana na utafiti wa Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, uliochapishwa 2021, ukaonyesha hilohilo: ala tupu za nyimbo zinazojulikana zilijirudia vichwani mwa watu kuliko nyimbo zenyewe, na waliopatwa na hali hiyo walilala vibaya. Nilipousoma nilihisi kama kuna mtu ameniamini. Nikaacha kabisa kusikiliza muziki kitandani, na hedifoni zikawa zinalala chumba kingine. Wiki ya kwanza ule ukimya ulinitisha. Wiki ya tatu usingizi ulikuwa unakuja saa tano usiku.

Muziki peke yake haukuniinua. Nilimaliza vikao vyangu vyote na mshauri, na ile simu niliyoikata tuliizungumza kwa maneno, bila wimbo wowote. Mtu ambaye hali kama hiyo imemkalia wiki kadhaa asibaki na nyimbo tu. Atafute wa kuzungumza naye.

Zile nyimbo tisa nilizifuta. Ule wa baba nauweka mchana, kwenye spika, mdogo wangu akiwepo. Juzi alikosea maneno ya ubeti wa pili, palepale. Tukatazamana, tukacheka, tukaurudisha mwanzo.